Merikebu ya Ngano: Biashara ya Baharini Katika Dola ya Kirumi na Safari ya Mtume Paulo

Sura ya 27 ya Kitabu cha Matendo ya Mitume haina bahati katika mahubiri yetu. Ni ndefu, imejaa majina ya bandari na ya pepo, na mhubiri aliyekulia bara, mbali na bahari, huiruka upesi mpaka afike mahali pale ambapo malaika anasimama karibu na Paulo usiku. Hata darasani tumezoea kuimaliza kwa kipindi kimoja: ramani ukutani, mstari mwekundu kutoka Kaisaria hadi Puteoli, na kengele inalia. Lakini wachunguzi wa historia ya ubaharia huichukua sura hiyohiyo kuwa mojawapo ya maelezo bora tuliyorithi kuhusu safari ya merikebu ya shehena katika zama za Warumi. Luka anataja upande ulikotoka upepo, kina cha maji kwa pima, idadi ya nanga, matanga yaliyotwekwa na yaliyotuliwa, na hesabu ya watu. Hakuwa baharia, lakini alisimama sitahani akitazama.

Katika makala haya twataka kueleza biashara iliyoifanya safari ile iwepo. Tunayo sababu moja ya pekee. Kuna hubiri ambalo karibu kila mmoja wetu amepata kulisikia, na baadhi yetu tumelitoa wenyewe: kwamba akida Yulio alikuwa mpumbavu aliyelikataa neno la mtumishi wa Mungu akawasikiliza watu wa dunia, na tazameni yaliyompata. Twaona kwamba hubiri hilo halimtendei haki akida, tena linafunika jambo ambalo Luka alitaka tulione. Ili kulifunua, hatuna budi kuanza mbali na bahari, yaani kwenye meza za watu wa Rumi.

Mji uliolishwa kutoka ng'ambo

Wakati wa Paulo mji wa Rumi ulikuwa na watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Mashamba ya Italia ya kati hayakuweza kuulisha umati huo. Tangu mwaka 58 K.K. raia wanaume wa mjini walipewa ngano bure kila mwezi, modio 5 kwa mtu, na modio moja ya ngano ilikuwa na uzito wa karibu kilo 7. Kaisari Augusto aliandika katika kumbukumbu ya matendo yake kwamba mwaka 2 K.K. waliokuwa wakipokea ngano hiyo walizidi kidogo 200,000. Wake, watoto, watumwa na wageni hawamo katika hesabu hiyo. Wao walinunua sokoni, na soko nalo lilitegemea merikebu.

Ngano ilitoka wapi? Mwanahistoria Myahudi Josephus anatupatia jibu katika hotuba anayoiweka kinywani mwa mfalme Agripa, yule yule aliyemsikiliza Paulo kule Kaisaria (Mdo 26). Agripa anawaonya watu wa Yerusalemu mwaka 66 B.K. wasiiasi Rumi, na katika kuonyesha ukubwa wa dola anasema kwamba Afrika huilisha Rumi miezi minane ya mwaka, na Misri miezi minne. Neno Afrika hapo ni jina la jimbo la Kirumi, katika nchi tunayoiita leo Tunisia na jirani zake. Hotuba ni hotuba, na hatupaswi kuzitegemea tarakimu zake kama za mhasibu. Lakini hakuna anayetilia shaka kiini chake. Rumi ilikula mkate wa Afrika ya Kaskazini.

Tena sehemu kubwa ya ngano ya Misri haikununuliwa. Ilikuwa kodi. Mkulima wa bonde la Nile aliipima kwenye uga wa kupuria mbele ya watu wa serikali, punda wakaibeba hadi mtoni, na mashua za mtoni zikaishusha hadi Iskanderia. Pamoja na shehena kulikwenda kielelezo, yaani sampuli ya ngano ileile iliyotiwa muhuri, ili wapokeaji wailinganishe na iliyofika. Imehifadhiwa barua ya mwaka 188 B.K. ambayo ndani yake ofisa analalamika kwamba kielelezo kilipochunguzwa ngano ilionekana ina shayiri asilimia mbili na udongo nusu asilimia. Anayejua jinsi mazao yanavyopokewa ghalani hatashangaa kwamba gharama ya upungufu huo iliwarudia wale waliokuwa chini kabisa.

Mtu aweza kuuliza kwa nini hawakutegemea mashamba ya karibu zaidi, wakasafirisha kwa njia zao za mawe ambazo hata leo twazisifu. Jibu limo katika orodha ya bei aliyoitangaza Kaisari Diokletiano mwaka 301 B.K. Kipimo cha ngano kilichowekewa bei ya denari 100 kilitozwa denari 16 kwa safari nzima ya baharini kutoka Iskanderia hadi Rumi. Lakini gari la kukokotwa na wanyama lilitoza denari 20 kwa kila maili moja, hata kabla ya kufika maili za Kirumi 300 nauli ilikuwa imelingana na bei ya shehena yenyewe. Barabara zilijengwa kwa ajili ya majeshi. Tumbo la Rumi lilitegemea bahari.

Basi ngano ikichelewa, kiti cha Kaisari kilitikisika. Mnamo mwaka 51 B.K. Kaisari Klaudio alizingirwa sokoni na umati wenye njaa, akavurumishiwa maneno na vipande vya mkate, akaponea kwa shida kuingia katika jumba lake. Tacitus anasema ghalani kulikuwa kumebaki chakula cha siku 15 tu. Klaudio alikuwa ameanza kuchimba bandari mpya karibu na mdomo wa mto Tiber mwaka 42 B.K. Kulingana na Suetonius, kwa ajili ya kuleta ngano hata wakati wa baridi, yeye mwenyewe alijitwika hasara ya mfanya biashara yeyote ambaye dhoruba ingemharibia, akawaahidi wajenzi wa merikebu heshima na nafuu za kisheria. Mtu asiye raia kamili, aliyejenga merikebu ya kuchukua angalau modio 10,000 (tani 70 hivi) na kuileteza Rumi ngano kwa miaka sita, alipewa uraia. Mwaka 58 B.K., Nero akitawala, ilitolewa amri kwamba merikebu za wafanya biashara zisihesabiwe katika mali yao ya kutozwa kodi. Safari ya Paulo kwa kawaida huwekwa mwaka wa 59 au 60. Merikebu aliyopanda Mira ilikuwa ndani ya utaratibu huu.

Pepo na majira

Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kusi na kaskazi, ataelewa upesi kuliko msomaji wa bara. Katika Bahari ya Kati upepo wa kiangazi hutoka zaidi upande wa kaskazini-magharibi. Merikebu iliyotoka Rumi kwenda Iskanderia iliupata mgongoni: Plinius anasimulia kwamba liwali mmoja wa Misri, Galerius, alifika Iskanderia siku ya saba baada ya kuiacha njia ya bahari ya Sisilia, na mwenzake Balbillus siku ya sita. Lakini kurudi na shehena kulikuwa jambo jingine. Merikebu iliyojaa ngano haikuweza kuelekea Italia moja kwa moja kwa kuwa upepo ulitoka kulekule ilikokwenda. Iliipasa kupanda kaskazini hadi Kipro au Likia, kisha igeuke magharibi, ikibisha na kujificha nyuma ya visiwa. Safari ya siku kumi ikawa ya mwezi mmoja au miwili, na pengine zaidi.

Ndiyo maana akida aliikuta merikebu ya Iskanderia katika Mira, mji ulioko kaskazini kabisa ya Misri (Mdo 27:5-6). Haikuwa imepotea njia. Na ndiyo maana ilikwenda polepole siku nyingi hadi Nido, ikashindwa kuendelea, ikateremka chini ya Krete upande wa Salmone. Kila mstari hapo ni taarifa ya upepo.

Majira nayo yalikuwa sheria. Vegetius, mwandishi wa mambo ya vita, aeleza kwamba bahari ilikuwa salama kuanzia 27 Mei hadi 14 Septemba. Baada ya hapo ilikuwa ya mashaka. Na tangu 11 Novemba hadi 10 Machi ilifungwa. Kilichofungwa si upepo tu. Wakati huo hapakuwa na dira. Nahodha aliongozwa na jua, nyota na vilele vya milima, na mawingu ya baridi yalimnyang'anya vyote. Luka anaposema kwamba jua na nyota hazikuonekana kwa siku nyingi (27:20), hapambi hadithi. Anaeleza kwamba hakuna mtu merikebuni aliyejua walipo.

Tukiyakumbuka majira haya, mistari mingine ya nyaraka hupata uzito ambao tafsiri peke yake haiwezi kuutoa. Timotheo anapoombwa afanye bidii kuja kabla ya wakati wa baridi (2 Tim 4:21), haombwi kwa sababu ya joho peke yake. Asipofika kabla bahari haijafungwa, hatafika mpaka majira yajayo, na mfungwa anayeandika anafahamu kwamba huenda hatakuwapo. Tito naye anaambiwa mahali pa kukaa wakati wa baridi (Tit 3:12), nao Wakorintho wanaelezwa kwamba mtume huenda akakaa kwao hata baridi ipite (1 Kor 16:6). Kanisa la kwanza liliishi kwa kalenda ya mabaharia.

Wakati Paulo anatoa onyo lake pale Bandari Nzuri, siku ya kufunga ya Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita, yaani ilikuwa mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Majira ya mashaka yalikuwa yamekwisha kuanza, lakini bahari haikuwa imefungwa.

Merikebu yenyewe

Tusiifikirie mashua ya wavuvi wa Galilaya. Mzamo wa merikebu moja ya Kirumi uligunduliwa karibu na Madrague de Giens, kusini mwa Ufaransa, na ulichunguzwa na wazamiaji wa elimu ya kale kuanzia mwaka 1972. Ilizama katika karne ya kwanza K.K., ikiwa na urefu wa mita 40 hivi na shehena ya tani 400 hivi, hasa mitungi mikubwa ya divai iliyopangwa kwa tabaka. Mwandishi Lucian, wa karne ya pili B.K., anaieleza merikebu ya ngano iitwayo Isis iliyosukumwa na dhoruba hadi bandari ya Athene baada ya siku 70 baharini. Anaipa urefu wa dhiraa 120, yaani zaidi ya mita 50. Lucian hupenda mzaha, na pengine ameongeza chumvi. Hata hivyo Josephus, aliyesafiri kwenda Rumi miaka michache tu baada ya Paulo, anasema alikuwa pamoja na watu 600 merikebu yao ilipozama katika bahari ya Adria. Yeye na wengine wapatao 80 waliogelea usiku kucha wakaokolewa na merikebu ya Kirene. Hesabu ya Luka ya watu 276 haina ajabu yoyote.

Mafundi wa Kirumi walianza na ubao wa nje kabla ya mataruma. Kila ubao uliungwa na mwenzake kwa vipande vya mti mgumu vilivyoingizwa katika matundu na kukazwa kwa vigingi, kama seremala anavyounganisha miguu ya meza. Kazi hiyo ilikuwa imara, lakini katika dhoruba ndefu viungo vililegea, na merikebu ikaanza kufunguka. Dawa yake ilikuwa kamba nene za kuifunga merikebu, ambazo Luka anazitaja walipokuwa nyuma ya kisiwa cha Kauda (27:17). Tanga kubwa la mraba lilining'inia kwenye foromali katikati. Mbele palikuwa na tanga dogo la kuongozea, lile lililotwekwa asubuhi ya mwisho (27:40). Usukani haukuwa mmoja bali miwili, makasia makubwa kila upande wa tezi, na ndiyo sababu Luka anasema juu ya kamba za usukani kwa wingi. Bildi ya risasi ilitupwa majini kupima kina: pima 20, kisha pima 15. Nanga nne zilitupwa kutoka tezi na si kutoka omo, ili merikebu isigeuke, bali kukipambazuka iwe tayari imeelekea ufukoni.

Abiria hawakuwa na merikebu zao. Aliyetaka kusafiri alikwenda gatini, akaulizia merikebu inayoelekea anakotaka, akapatana na msimamizi wake, akaja na mkeka wake, chakula chake na chombo chake cha kupikia, kisha akangoja upepo. Walilala sitahani, chini ya anga au chini ya turubai. Hivyo ndivyo barua zilivyosafiri pia. Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea (Rum 16:1), alikaa katika bandari ya Korintho, na twaweza kufikiri kwamba hakuhitaji kwenda mbali kutafuta merikebu.

Paulo mwenyewe alikuwa msafiri mzoefu. Kabla ya safari hii alikwisha kuvunjikiwa na merikebu mara tatu, na kukaa kilindini usiku na mchana (2 Kor 11:25). Onyo lake pale Krete, kama Luka anavyolieleza, halikutanguliwa na ndoto wala malaika. Malaika atakuja baadaye. Hapa ni mtu aliyewahi kushika ubao majini anayesema anachokiona.

Hasara ni ya nani?

Sasa tumrudie akida. Luka anawataja watu wawili ambao Yulio aliwasikiliza kuliko Paulo: nahodha, na mwenye merikebu (27:11). Sheria ya Kirumi ilijua tofauti hiyo vema. Kulikuwa na anayepata mapato ya merikebu, kulikuwa na msimamizi wa biashara aliyepatana na abiria na wenye shehena, na kulikuwa na mshika usukani. Mapatano ya msimamizi yalimfunga bwana wake, hata kama bwana yuko mbali na hajui. Mwenye merikebu aliwajibika kwa mali aliyoipokea aifikishe salama, sawa na mwenye nyumba ya wageni na mwenye zizi. Isipokuwa kama imeangamia kwa nguvu isiyozuilika, kama kuvunjikiwa na merikebu au kushambuliwa na maharamia.

Fedha za kuendeshea biashara zilikuwa mara nyingi za mkopo wa baharini. Mkopo huo ulikuwa na sharti lisilopatikana katika mikopo ya nchi kavu: merikebu ikizama, aliyekopa halipi kitu. Kwa kuwa mkopeshaji ndiye aliyebeba hatari, riba yake haikuwekewa kikomo, ingawa riba ya kawaida haikuruhusiwa kuzidi asilimia 12 kwa mwaka. Kikomo kwa mikopo ya bahari kilikuja baadaye sana, chini ya Kaisari Justiniano mwaka 528 B.K., nacho kilikuwa asilimia hiyo 12. Hata hivyo, mikataba ya namna hii iliweka tarehe na njia. Mkopeshaji aliyekubali hatari ya kiangazi hakuwa amekubali hatari ya baridi.

Basi tuweke pamoja yote haya pale Bandari Nzuri. Bandari haifai kwa kukaa wakati wa baridi, Luka mwenyewe anasema hivyo. Kuna watu 276 wa kulishwa kwa miezi kadhaa. Kuna ngano, ambayo ikipata unyevu huvimba na kuota. Foinike, bandari iliyo bora, haiko mbali, ni mwendo wa siku moja upepo ukiwa mwema. Hakuna aliyependekeza kuvuka hadi Italia. Serikali imeondoa sehemu kubwa ya hofu ya hasara kwa wale wanaothubutu. Mtaalamu wa usukani asema inawezekana, mwenye mali asema inawezekana, na walio wengi wanakubali. Anayepinga ni mfungwa. Sisi twasema wazi: tungelikuwa sisi akida, tungeliamua vilevile. Uamuzi ule ulifuata akili njema ya biashara, na kwa sababu hiyohiyo wapasa kutuhofisha zaidi kuliko kama ungekuwa wa mpumbavu.

Sikilizeni maneno anayotumia Paulo. Anasema itakuwapo hasara, si ya shehena na merikebu tu, bali na ya maisha yao (27:10). Katika dhoruba anarudia jambo hilo kwa maneno mawili ya Kigiriki ambayo ni ya daftari la mfanya biashara, moja la kupata faida na moja la hasara (27:21). Ni jozi ileile anayoitumia anapowaandikia Wafilipi juu ya faida alizozihesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo (Flp 3:7-8). Pale merikebuni kila mtu alikuwa akipiga hesabu. Paulo naye alipiga hesabu, ila aliongeza mstari ambao daftari la mwenye merikebu halikuwa nao.

Sheria ya kutosa shehena yaonyesha jambo hilo vizuri ajabu. Warumi waliichukua kutoka kwa watu wa kisiwa cha Rodo: mali ya mtu ikitoswa baharini ili kuiokoa merikebu, hasara yake hugawanywa kati ya wote ambao mali yao imeokoka kwa kutoswa huko. Ni sheria ya haki, na ingali inatumika katika biashara ya meli hata leo. Mwanasheria mmoja wa Kirumi aliyeifafanua (naye aliitwa Paulus, jina la mtume) anaeleza kwamba katika mgawanyo huo miili ya watu huru haiwekewi bei, kwa maana haiwezi kukadiriwa. Maneno mazuri. Lakini kuhusu watumwa waliopotea baharini anaeleza kwamba nao hawahesabiwi, kama vile wasivyohesabiwa waliokufa merikebuni kwa ugonjwa au waliojitupa wenyewe majini. Neno hilo la mwisho, lililotajwa kana kwamba ni jambo la kawaida, limetukalia moyoni muda mrefu.

Merikebu ya Paulo ilitoswa mara tatu: kwanza shehena kiasi, kisha vyombo vya merikebu, na mwisho, watu wakiisha kushiba, ngano yenyewe (27:18-19, 38). Ngano ya kodi ya Misri iliyovuka nusu ya bahari ikaliwa na samaki wa Melita. Bila shaka kulikuwa na daftari mahali fulani lililosahihishwa. Kuhusu muda waliochukuliwa na maji, James Smith, mtu wa Scotland aliyependa kusafiri kwa tanga, alichapisha mwaka 1848 kitabu ambamo alikadiria kwamba merikebu ya namna ile, ikisukumwa na upepo wa Eurakilo kutoka Kauda, ingefika Melita baada ya siku 13 hivi. Luka anasema usiku wa kumi na nne.

Shehena ya Ufunuo na pwani ya Azania

Yohana wa Ufunuo aliijua biashara hiyohiyo, ila aliitazama kutoka upande mwingine. Katika sura ya 18 wanaolia juu ya kuanguka kwa mji mkuu ni wafalme, wafanya biashara, na manahodha na mabaharia. Orodha ya shehena (18:12-13) huanza na dhahabu, hupitia pembe za ndovu, mdalasini, divai, mafuta na ngano, na mwisho kabisa, baada ya farasi na magari, huja miili na roho za wanadamu. Hiyo si orodha ya kubuni. Strabo aliandika kwamba soko la kisiwa cha Delo liliweza katika siku zake za fahari kupokea na kupeleka watumwa elfu kumi kwa siku moja. Hati moja ya mafunjo ya karne ya pili B.K., iliyochapishwa mwaka 1985, inaeleza shehena iliyorudi kutoka Muziris, India ya kusini, katika merikebu Hermapollon: manukato ya nardo, pembe za ndovu na vitu vingine, thamani yake ikikaribia sesterti milioni 7. Serikali ilichukua robo ya thamani hiyo kuwa ushuru. Mwanamke wa Bethania (Mk 14:3) alivunja kibweta kilichokuwa kimepita katika mikono hiyo.

Nasi wa Afrika Mashariki hatuko nje ya orodha hiyo. Katika karne ileile ya Paulo mfanya biashara mmoja wa Misri, aliyeandika Kigiriki, alitunga mwongozo wa bahari uitwao Periplus. Merikebu za Misri zilitoka bandari za Bahari ya Shamu mwezi wa Julai. Katika Opone, pwani ya Somalia, mwandishi huyo anataja miongoni mwa bidhaa watumwa wa daraja bora, ambao wengi wao walipelekwa Misri. Kusini zaidi ni pwani ya Azania, na soko la mwisho ni Rhapta, ambalo wataalamu wengi huliweka katika pwani ya Tanzania ya leo. Jina lake, asema, latokana na mashua zilizoshonwa. Wazee wa pwani walioiona mitepe hawatahitaji maelezo zaidi. Rhapta ilitoa pembe za ndovu kwa wingi, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Iliingiza mikuki iliyotengenezwa Muza kule Arabuni, shoka, visu, na vyombo vya kioo. Mahali pengine wageni walileta pia divai na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kujipatia urafiki wa wenyeji. Manahodha wengi walikuwa Waarabu walioijua lugha ya mahali na kuoa huko.

Kwa hiyo mzee wa Rhapta aweza kuwa alionja mkate wa ngano katika miaka ileile ngano ya Misri ilipotoswa mbele ya Melita. Na pembe za ndovu wa Azania zilikwenda kaskazini kuelekea soko lilelile analolililia mfanya biashara wa Ufunuo.

Puteoli

Baada ya miezi mitatu akida aliwapandisha watu wake katika merikebu nyingine ya Iskanderia iliyokuwa imengoja kisiwani, yenye alama ya Ndugu Pacha, walinzi wa mabaharia katika dini ya Kigiriki. Walishuka Puteoli. Bandari ya Klaudio ilikuwa bado haiaminiki; mwaka 62 B.K. dhoruba iliharibu merikebu zipatazo 200 zikiwa ndani yake. Merikebu kubwa za ngano ziliendelea kutua Puteoli, na Seneca anaeleza jinsi watu wote wa mji walivyokimbilia gatini walipoona mashua za habari za Iskanderia zikitangulia kundi la merikebu.

Luka anasema kwa ufupi tu kwamba huko walikuta ndugu, wakakaa nao siku saba (28:14). Hataji mtume aliyewahubiri, wala mwaka, wala jina lolote. Puteoli ulikuwa mji wa maghala, wapagazi, makarani wa ushuru, mabaharia wanaongoja upepo na watumwa wanaoteremshwa, na mmoja wa hao, au kadhaa, alikuwa ameshuka gatini na Injili kabla Paulo hajafika.